Gari Lisilonguruma

Haikuwa zamani wala haikuwa kale. Ni juzi juzi tu, na walioshuhudia bado wako hai, ila wameombwa kwa upole wasiseme. Ilikuwa katika nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa, wanapenda kusifiwa. Nchi hiyo ilikuwa na mkoa uitwao Mwinuko, na Mwinuko ulijaliwa kila kitu ambacho mkoa unahitaji: ofisi yenye ngazi pana, bendera mbili endapo moja italowa, wimbo wa mkoa, na Mkuu wa Mkoa. Kilichopungua ni gari.

Awali gari lilikuwepo. Lilikuwa kuukuu, linatoa moshi mweusi na kunguruma mpaka kuku wanasahau kutaga, na serikali ililipenda mno kwa sababu lilirahisisha utekelezaji wa Sheria ya Kuinuka. Sheria hiyo ilisema kwamba mwananchi yeyote akisikia mngurumo wa gari la serikali ainuke hapo alipo, anyooke, atulie mpaka mngurumo upotee. Aliyekuwa akinyolewa aliinuka na povu lake. Aliyekuwa akila aliinuka na tonge mkononi. Wenye kusali walisamehewa baada ya mjadala mrefu, ila waliombwa, inapowezekana, wasali wakiwa wima. Watu wakazoea. Ilisemekana hata watoto wachanga wa Mwinuko walisimama dede mapema kuliko wa mikoa mingine, na habari hiyo ilisomwa bungeni ikapigiwa makofi.

Kisha siku moja gari hilo likazimika mbele ya soko na halikuwaka tena. Watu waliokuwa wamesimama hawakujua kama mngurumo umepotea au umekatika tu, hivyo wakabaki wima na vikapu vyao mpaka polisi alipokuja jioni kuwaruhusu waketi.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Mkoa ya Uteuzi wa Gari, na katibu wake akawa Bwana Mbaruku Shomvi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti nzito inayotokea tumboni na imani kubwa katika taratibu. Siku aliyoteuliwa alirudi nyumbani karibu mbio. Mkewe, Bi. Hadiya, alikuwa barazani ameegemea mito, anapumua kwa shida kama alivyokuwa akipumua tangu mvua za vuli zianze.

"Mama Nuru, gari linakuja," alisema kabla hata ya kuvua viatu.

"Karibu kwanza, Baba Nuru. Linakuja leo?"

"Kamati imeundwa leo."

"Aa," alisema Bi. Hadiya. "Basi niendelee kukaa."

Alikuwa mwanamke wa mzaha, na ugonjwa ulikuwa umempokonya nguvu za miguu lakini ulimi ulimwachia. Tabibu wa zahanati alikuwa amewaambia wazi: moyo wake umechoka, hapa hatuna dawa wala vifaa vya kuusaidia, apelekwe hospitali kubwa ya Rasini, na apelekwe mapema. Rasini iko ng'ambo ya milima. Ndiko alikozaliwa Bi. Hadiya na ndiko alikozikwa mama yake, nyuma ya hospitali hiyo hiyo, kwenye kilima kidogo cha michongoma.

Msomaji wa nchi nyingine atauliza kwa nini asikodi gari akampeleka. Ni swali la mtu asiyeijua Mwinuko. Kati ya Mwinuko na Rasini kulikuwa na barabara moja tu, Barabara ya Heshima, lami tupu, nyororo, iliyojengwa juu ya ile ya zamani. Ili isichakae, serikali iliamua kwa busara kwamba ipitwe na gari la Mkuu wa Mkoa peke yake. Kila alfajiri ilifagiwa. Gari la wagonjwa lingeweza kuombewa kibali, lakini gari la wagonjwa lenyewe lilikuwa mgonjwa, na hapakuwa na gari la kulipeleka kutengenezwa. Kwa hiyo mgonjwa wa Mwinuko alikuwa na njia moja: kuomba nafasi katika gari la Mkuu. Na lile kuukuu, kwa haki yake, liliwahi kubeba wengi.

"Unajua nitakavyokwenda?" Bi. Hadiya alimwambia mumewe jioni ile. "Nitajilaza kiti cha nyuma, kichwa nikiweke pajani pako, nilale usingizi wangu mpaka Rasini. Na wewe usiniamshe kunionyesha milima. Milima naijua."

"Wiki hii tutachagua," alisema Mbaruku, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Magari yaliletwa mawili, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, ili mkoa uchague moja na jingine lirudishwe kwa shukrani. La kwanza lilikuwa gari la ukubwa wa wastani, jeusi, refu, lenye kiti cha nyuma kama kitanda na buti la kumeza mbuzi wawili na jamaa zao. Watu walilibatiza Bwanyenye. La pili lilikuwa gari dogo la mseto, rangi ya fedha, linalotumia petroli likipanda na umeme wa betri likienda polepole. Lilikunywa mafuta kama mgonjwa anywavyo uji, na likitembea kwa umeme halikutoa sauti yoyote. Hilo likaitwa Bubu.

Yalishushwa kutoka kwenye lori kwa kusukumwa, yakawekwa bandani nyuma ya ofisi, kwa sababu Kanuni ya Gari Jipya ilikuwa haina utani: gari lililotembea si jipya, na serikali haichagui gari lisilo jipya. Kuwasha injini ruhusa, kuzungusha gurudumu kwa injini marufuku. Kanuni hiyo aliitunga Mbaruku mwenyewe ujanani, baada ya ofisa mmoja kumpeleka shemeji yake harusini kwa gari ambalo halijachaguliwa. Alipewa cheti kwa kazi hiyo, na cheti bado kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwake, juu ya kichwa cha Bi. Hadiya. Funguo za magari yote mawili zilikaa kwenye mtoto wa meza yake ofisini.

Kikao cha kwanza kilifunguliwa na Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Makame Dhahabu, mtu mnene, mwenye huruma, anayelia upesi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "wapo wanaodhani kuwa gari ni chombo cha kusafiria. Punda ndiye chombo cha kusafiria! Gari ni serikali yenye magurudumu. Tukikosea leo, wajukuu wetu watapanda makosa yetu."

Wajumbe walipiga makofi. Walikuwa wawili. Mmoja ni Profesa Sozi, mtaalamu wa itifaki, aliyesomea nje namna ya kufungua mlango wa gari, akarudi na shahada. Wa pili ni Bi. Radhia, mwakilishi wa wananchi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kwamba wananchi wanakubali.

Mbaruku alisoma ripoti yake. Alikuwa ameiandaa kwa usiku na mchana, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Bwanyenye ana nafasi lakini anakunywa mafuta. Bubu ni mdogo lakini bajeti ya mafuta ya mkoa itamtosha, na mlimani ana nguvu za kutosha. Yote mawili ni magari mazuri, alimalizia, na lolote litakalochaguliwa leo litaweza kuanza kazi kesho.

"Kesho!" alisema Profesa Sozi. "Katibu, haraka haraka haina baraka."

"Wananchi wanakubali," alisema Bi. Radhia.

Ikaamuliwa kwanza kipimwe kiti cha nyuma. Kwa kuwa magari hayakuruhusiwa kutembea, Mheshimiwa Dhahabu aliketi ndani ya Bwanyenye bandani asubuhi nzima, dirisha likiwa wazi, akiupungia mkono ukuta. Kesho yake aliketi ndani ya Bubu. Magoti yake yaligusa kiti cha mbele. Alilalamika kidogo, kisha akasinzia, na alipoamka alisema ni kweli amebanwa lakini ameota ndoto nzuri. Hoja ya kiti ikawa sare. Kikao kikaahirishwa.

"Kwa hiyo mkubwa kalala ndani ya gari langu," alisema Bi. Hadiya, mumewe alipomsimulia. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, kisha akawa anatafuta pumzi, na Mbaruku akamshika mgongo mpaka ilipopatikana. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Kidole ukikibonyeza pale, alama ilibaki.

"Mimi naomba wachague Bubu," alisema baadaye. "Nimechoka na makelele. Lile la zamani lilikuwa likipita, moyo wangu unaruka kama kuku."

Na kwa kweli Bubu alikuwa karibu kuchaguliwa. Petroli ilipanda bei nchi nzima, na Mheshimiwa Dhahabu aliona ni vizuri kuonekana mtu wa kubana matumizi. Siku ya kupiga kura alitaka tu kumsikia akiwaka. Dereva wa mkoa, kijana aitwaye Komba, ambaye tangu gari la zamani lizimike alikuwa akija kazini kila siku na kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda, aliingia, akabonyeza kitufe.

Kamati ikasubiri.

"Washa," alisema Mheshimiwa.

"Limewaka, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Dhahabu alitega sikio. Kisha akageuka akatazama uani. Mfagizi alikuwa amechuchumaa anakunywa chai. Makarani wawili walikuwa wamekaa ngazini wanamenya machungwa. Hakuna hata mmoja aliyeinuka. Mkuu wa Mkoa aliwatazama kwa muda mrefu, na machozi yakamlengalenga.

"Nimewaka," alisema kwa sauti ya chini, "na hakuna anayejua."

Hiyo ndiyo siku Profesa Sozi alipopata umaarufu wake. "Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu," aliiambia kamati. "Sasa, ndugu wajumbe, mkuu asipotoa la kusikika, nani atavunjika? Atapita sokoni kama paka. Watu watabaki wameketi bila kosa, na sheria itakuwa imevunjwa na gari!"

"Basi tuchague Bwanyenye," alisema Mbaruku haraka. "Bwanyenye ananguruma."

"Na bajeti ya mafuta?"

"Basi Bubu."

"Na heshima ya serikali?"

Mbaruku alikaa kitako. Alikuwa amewahi kukaa katika vikao vingi maishani na kila mara aliona vinakwenda kama maji yanavyokwenda mtoni, polepole lakini baharini vinafika. Siku hiyo kwa mara ya kwanza aliona maji yamesimama. Kikao kikaahirishwa ili Profesa akafanye utafiti.

Mchana, wakubwa wakiwa wamelala kidogo baada ya chakula, Komba alimfuata ofisini akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Nimepita nyumbani kumjulia hali mama. Mzee, yuko hoi. Nipe ufunguo. Wowote, Bwanyenye au Bubu, mimi sichagui. Nampeleka Rasini sasa hivi, jioni nimerudi, nimeliosha, hakuna atakayejua."

"Barabara inafagiwa, Komba. Wataona alama za matairi."

"Waone!"

Mbaruku alifungua mtoto wa meza. Funguo zilikuwa pale, mbili, kila moja na kipande chake cha utepe. Alizitazama. Alijua kitakachofuata, maana ni yeye aliyekiandika: gari lililotembea si jipya, kisichokuwa kipya hakichaguliki, uteuzi mzima utafutwa, yatarudishwa yote mawili, na mkoa mzima utabaki bila gari mwaka mzima au zaidi. Na wagonjwa hakuwa Hadiya peke yake. Kulikuwa na mtoto wa fundi cherehani mwenye mguu uliooza. Kulikuwa na binti wa mwalimu, mimba yake ilikuwa imekaa vibaya.

"Kesho kutwa wanaamua," alisema. "Wameniahidi."

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Kesho kutwa, baba. Sitaki aende kwa kuiba. Nataka aende kwa haki yake."

Akafunga mtoto wa meza. Komba alitoka bila kuaga, jambo ambalo si la kawaida yake.

Utafiti wa Profesa Sozi ulizaa pendekezo moja, nalo lilipokelewa kwa makofi: Bubu achaguliwe, na iundwe nafasi mpya serikalini, nafasi ya Mngurumaji wa Mkoa. Huyo atakuwa mtu mzima mwenye mapafu mazuri. Ataketi kiti cha mbele, dirisha wazi, na gari likipita penye watu atanguruma kwa niaba yake.

Tangazo lilitoka, watu wakaja kujaribiwa. Hali ya maisha ilikuwa ngumu, na foleni ilikwenda mpaka barabarani. Mwalimu mstaafu alinguruma kama pikipiki. Muuza samaki alianza vizuri, kisha akakohoa, na Profesa akasema gari la serikali halikohoi. Mganga wa kienyeji alinguruma kama simba, akaambiwa hilo ni kundi jingine la leseni. Jua likapanda na hakupatikana mtu. Mheshimiwa Dhahabu akasema kwa masikitiko kwamba, kama hali ndiyo hii, kikao kiahirishwe mpaka mwezi ujao.

Mbaruku alisimama. Aliweka kalamu chini, akavua koti, akaenda akasimama nyuma ya Bubu. Alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye mvi, baba wa mtoto aliyeolewa na mjukuu njiani. Alifumba macho akanguruma.

Sauti ilitoka tumboni, nzito, pana, ikatetemesha vikombe vya chai. Uani mfagizi aliinuka. Makarani wakainuka na maganda yao. Ng'ambo ya ukuta, sokoni, kelele za wauzaji zilikatika, maana soko zima lilikuwa limesimama.

"Silinda nne," alinong'ona Profesa Sozi. "Mwambieni atoe sita."

Mbaruku akatoa sita.

"Sasa nifanyie kama tunapanda mlima," alisema Mheshimiwa.

Mbaruku alipanda mlima. Alibadilisha gia. Alishuka upande wa pili, akapiga breki, akaegesha. Mheshimiwa Dhahabu alilia kwa furaha, akamkumbatia, akamwita mzalendo. Bi. Radhia alisema wananchi wanakubali, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli, kwa sababu wananchi walikuwa wamechoka kusimama. Bubu akachaguliwa. Bwanyenye akafungwa turubai asubiri kurudishwa.

Jioni hiyo Mbaruku alimweleza mkewe kila kitu, na hakumficha aibu yake.

"Hebu ningurumie na mimi," alisema Bi. Hadiya.

"Aa, Mama Nuru, usinichekeshe."

"Wakubwa umewangurumia. Mimi nimekupikia miaka yote hii."

Akamngurumia, polepole, kwa chini, kama gari linalosubiri mlangoni. Bi. Hadiya hakucheka kama alivyotazamia. Alifumba macho. Baada ya muda pumzi zake zilitulia, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa siku nyingi. Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yake. Kila akishindwa kulala alisema, "Baba Nuru, washa," naye akawasha.

Asubuhi Mbaruku alikwenda kwa Mkuu wa Mkoa kuomba nafasi ya mgonjwa katika gari.

"Katibu, kwako wewe hata kesho," alisema Mheshimiwa Dhahabu, akimshika mikono yote miwili. "Gari limechaguliwa. Limebaki kuzinduliwa tu. Gari lisilozinduliwa ni kama mtoto asiye na jina, utamwitaje? Utepe tunao. Tunasubiri Mkasi."

Msomaji anapaswa kujua kwamba katika nchi ile Mkasi wa Taifa ulikuwa mmoja, wa dhahabu, na ulizunguka mkoa hadi mkoa ukikata tepe. Wakati huo ulikuwa kusini, ambako kulikuwa na kisima cha kuzinduliwa. Kisima hakikuwa na maji bado, kwa hiyo Mkasi ulikuwa ukisubiri maji.

Mbaruku alieleza hali ya mkewe. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mambo. Kisha mpangilio ukamshinda, akasema tu, "Mheshimiwa, anakufa." Mheshimiwa Dhahabu alilia naye. Alilia kweli kweli, mpaka akaletewa taulo. Lakini utepe haukukatwa.

Alirudi nyumbani, akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Wanasubiri mkasi," alisema.

Bi. Hadiya alitabasamu. Siku hizo alikuwa akisema maneno machache, moja moja, kila moja likiwa limegharimu pumzi. "Wanasema kawia ufike," alisema. Akapumzika. "Hawasemi ufike wapi."

"Nisamehe, Mama Nuru. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu."

"Najua. Komba aliniambia." Alimtafuta mkono akaushika. "Ungekuwa mtu wa kuiba gari nisingekubali kuolewa nawe. Lakini ungeliiba tu hilo moja." Akafumba macho. "Washa. Nataka kulala."

Mbaruku aliwasha. Alinguruma kwa chini muda mrefu, mpaka koo likakauka, na alipotulia ili asikilize pumzi zake, hapakuwa na kitu cha kusikiliza.

Mheshimiwa Dhahabu alifika msibani kwa miguu, jambo lililowagusa wengi. Alimkumbatia mfiwa, akaketi mkekani, akasema serikali haiwezi kumwacha mkono mtupu katika wakati kama huu. Kanuni za utumishi zilikuwa wazi kabisa: mwenzi wa ofisa akifariki, serikali itatoa gari.

"Marehemu aliomba azikwe wapi?" aliuliza.

"Rasini. Karibu na mama yake."

"Basi Bubu yuko tayari. Hata sasa hivi."

Mbaruku alimtazama kana kwamba hakusikia. "Na uzinduzi, Mheshimiwa? Na Mkasi?"

"Ah, ndugu yangu," alisema Mheshimiwa Dhahabu, na machozi yalikuwa yakimtiririka, "msiba hauhitaji mkasi."

Kwa hiyo Bubu akatolewa bandani, magurudumu yake yakazunguka kwa injini kwa mara ya kwanza. Waliomvika sanda walimlaza Bi. Hadiya kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa kifupi, ikabidi magoti yake yakunjwe kidogo kabla hajakakamaa, na kichwa chake kikawekwa pajani kwa mumewe. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo. Hapakuwa na namna nyingine ya kutosha.

Profesa Sozi aliinama dirishani, akakumbusha kwa heshima zote kwamba gari bado ni la serikali na Mngurumaji bado yuko kazini. Komba alipandisha kioo.

Walipita soko kimya. Watu walikuwa wamekaa na biashara zao, na hawakujua ni nani anapita. Kisha ikaja Barabara ya Heshima, nyororo, tupu, imefagiwa, mlima baada ya mlima. Ilikuwa safari fupi. Hilo ndilo lililomshangaza Mbaruku kuliko yote, na lilimuuma kuliko yote: ilikuwa safari fupi sana. Chai uliyoimimina Mwinuko ungeifikisha Rasini bado ina joto. Hakumwonyesha mkewe milima.

Mji wa Rasini ulipotokea, Komba, ambaye kwa miezi alikuwa ameiendesha safari hii kichwani mwake akiwa kwenye kiti cha plastiki, aliwasha taa ya kukata kona bila kufikiri, akapunguza mwendo, akasimama mbele ya lango la hospitali kubwa. Ndipo alipokumbuka. Aliweka paji la uso juu ya usukani.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nisamehe."

Mlinzi wa lango alikuwa kwenye kigoda chake kivulini, hakusikia gari likija, kwa hiyo hakuinuka. Aliwatazama tu. Aliona mwanamke amelala kiti cha nyuma, kichwa pajani kwa mtu mzima.

"Mna mgonjwa?" aliuliza.

Mbaruku alifungua mdomo amjibu, neno likakataa. Kilichotoka ni ule mngurumo. Hakuukusudia. Ulianza chini kabisa, wa kulaza mtu usingizi, kisha ukapanda, ukavunjika, ukapanda tena, na dirisha likatetemeka. Mlinzi aliruka akasimama wima, mkono kwenye kofia. Ndani ya ua wauguzi walisimama. Wagonjwa waliokuwa wameketi kwenye mabenchi walisimama kwa kushikana, na mmoja alisimama na chupa yake ya dripu mkononi. Mlinzi alikimbilia lango, akavuta komeo, akalifungua mbawa zote mbili, pana, mpaka mwisho.

Walilitazama lango lililo wazi. Njia ya ndani ilikuwa safi, imepakwa chokaa pembeni, inakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, na mlangoni kulikuwa na kitanda cha magurudumu kinachosubiri mtu.

"Hapana, baba," Mbaruku alimwambia Komba, alipoweza. "Zunguka nyuma. Twende kwa mama yake."

Komba alirudisha gari nyuma bila sauti. Mbaruku aliweka mkono juu ya sanda, pale nywele zilipo, akaendelea kunguruma taratibu mpaka walipofika kilimani, na nyuma yao watu wa hospitali walikuwa bado wamesimama.